Maswali ya Wasomaji: Dawa ya Ukungu na Uvimbe wa Mapafu ya Panya

SWALI: Mhariri, pokea salamu kutoka Ilula, mkoani Iringa. Mimi na mume wangu tunalima nyanya, na kila masika tunapiga dawa ya ukungu yenye mankozebu, maana bila hiyo bakajani hulimaliza shamba zima ndani ya siku chache. Hivi karibuni mtoto wetu aliyeko chuoni alisoma kwamba wanasayansi waliwapa panya dawa ya jamii hiyo, na panya wakapata uvimbe wa mapafu. Mume wangu amekuwa akikohoa kwa zaidi ya mwezi sasa, na tangu aisikie habari hiyo amekata tamaa, anasema ni saratani tu. Naomba mtueleze ukweli. Je, dawa hii inaleta saratani ya mapafu, na je, tuache kuitumia?
Mkulima, Ilula

JIBU: Dada, tuanze na mumeo, kwa sababu habari ya panya inaweza kusubiri ila kikohozi chake hakiwezi. Mtu mzima aliyekohoa kwa wiki mbili au zaidi anatakiwa kupimwa kifua kikuu, awe mkulima au karani, awe amewahi kugusa dawa za shambani au hajawahi. Kipimo cha makohozi na matibabu ya kifua kikuu hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali nchini Tanzania, na ugonjwa huo, ukigunduliwa mapema, hupona kwa dawa za kawaida za miezi sita. Aende kituo cha afya wiki hii hii. Akifika, amweleze daktari kwamba kazi yake ni pamoja na kukoroga na kupiga dawa ya unga, amwonyeshe picha ya lebo ya dawa hiyo, na aseme pia kama anavuta sigara na kama jiko lenu la kuni liko ndani ya nyumba mnamolala. Huenda ni kifua kikuu, huenda ni pumu, huenda ni moshi, na huenda ni mwasho wa vumbi la dawa yenyewe, kwa kuwa unga wa mankozebu huwasha koo na macho na unaweza kuleta mzio wa ngozi. Mtu anayejihukumia saratani kabla ya kupimwa hujicheleweshea tiba ya ugonjwa ambao pengine ungepona.

Sasa turudi kwa panya. Habari aliyoisoma mtoto wenu haikuzuka hewani. Mankozebu ni ya jamii ya viuakuvu viitwavyo dithiokabamati, na ndugu zake wa karibu ni manebu na zinebu. Kwa kweli mankozebu ni manebu iliyounganishwa na madini ya zinki, ikaanza kutumika mashambani mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwishoni mwa muongo huo, na tena mwaka 1970, watafiti wa Umoja wa Kisovieti walichapisha majaribio ambamo panya wadogo wa maabara (wadogo kwa jamii yao, si kwa umri) walilishwa zinebu na manebu, na katika baadhi ya koo, yaani nasaba, za panya hao idadi ya waliopata uvimbe wa mapafu ilipanda. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo ni tawi la Shirika la Afya Duniani na lina makao yake Lyon, Ufaransa, liliyapitia majaribio hayo mwaka 1976, na mwaka 1987 likaziweka manebu na zinebu katika Kundi la 3, yaani kundi la vitu ambavyo ushahidi wake hautoshi kusema kwamba vinaleta saratani kwa binadamu au haviileti. Naomba hapo msomaji asome kwa makini, kwa kuwa watu wengi hulielewa vibaya kundi hilo na kudhani kwamba ni cheti cha usalama. Maana yake ni kwamba waamuzi waliangalia kilichokuwa mezani wakaona hakitoshi kutoa hukumu.

Karibu na wakati huo huo, mwaka 1969, kulichapishwa Marekani matokeo ya jaribio kubwa zaidi, lililoongozwa na Innes na wenzake kwa ajili ya Taasisi ya Taifa ya Saratani ya nchi hiyo. Walijaribu kemikali 120 kwa panya wadogo wa koo mbili za mchanganyiko, wakianza kuwapa wakiwa na umri wa siku 7 tu, kwa dozi kubwa kabisa ambayo mnyama anaweza kuivumilia bila kufa, kisha wakawafuatilia kwa takriban miezi 18. Manebu na zinebu zilikuwamo katika orodha hiyo na hazikuonyesha ongezeko la uvimbe. Lakini kemikali nyingine iliyokuwamo, ethilinithiourea, ambayo wataalamu huifupisha ETU, iliongeza uvimbe wa ini kwa kiasi kisichoweza kupuuzwa. Msomaji ashike jina hilo, kwa sababu ETU ndiyo inayozaliwa pale mankozebu inapovunjika, iwe ndani ya mwili, ndani ya sufuria, au ndani ya dawa iliyokaa muda mrefu stoo kwenye joto na unyevu.

Inakuwaje basi watafiti wa upande mmoja waone uvimbe wa mapafu na wa upande mwingine wasiuone? Sehemu kubwa ya jibu imo ndani ya panya wenyewe. Panya wa maabara hufugwa kwa koo, na ndugu huzalishwa na ndugu kwa vizazi vingi hadi wote wanafanana kwa urithi. Koo hizo hutofautiana sana katika mapafu. Upo ukoo uitwao A ambao panya wake, wakiachwa wazeeke bila kupewa kemikali yoyote, karibu wote hupata uvimbe wa mapafu. Na upo ukoo uitwao C57BL ambao hupata uvimbe huo kwa nadra. Wepesi wa mapafu ya panya kuota uvimbe ulionekana wazi mwaka 1943, pale watafiti wa Marekani, Nettleship na Henshaw, walipotambua kwamba urethani, dawa waliyoitumia kuwalaza panya usingizi ili wafanyiwe majaribio mengine, ndiyo iliyokuwa ikiwaletea uvimbe mapafuni. Panya wa ukoo A wakawa kipimo cha haraka cha kemikali nyingi: mnyama hupewa dawa, baada ya miezi kadhaa huuawa, mapafu hutolewa na kulowekwa kwenye kimiminika cha kuyahifadhi, na vinundu vyeupe vidogo vinavyojitokeza juu ya pafu huhesabiwa kimoja kimoja. Vingi kati ya vinundu hivyo ni adenoma, yaani uvimbe ambao bado haujawa saratani inayovamia viungo vingine. Kwa hiyo mtu akisema panya walipata uvimbe wa mapafu, swali la kwanza la kumuuliza ni panya wa ukoo gani, na la pili ni wenzao ambao hawakupewa chochote walipata uvimbe mara ngapi.

Nitatoa mfano wa kemikali ambayo wasomaji wengi wanayo kabatini, nafthalini, vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo na mende. Mwaka 1992 Mpango wa Taifa wa Marekani wa uchunguzi wa sumu ulitoa ripoti ya panya wadogo waliovutishwa mvuke wa nafthalini kwa saa 6 kwa siku, siku 5 kwa wiki, kwa miaka 2. Miongoni mwa panya majike ambao hawakuvutishwa kitu, 5 kati ya 69 walikuwa na uvimbe wa mapafu. Waliovuta sehemu 10 za mvuke kwa kila sehemu milioni za hewa walikuwa 2 kati ya 65. Na waliovuta sehemu 30 kwa milioni walikuwa 29 kati ya 135, na kati ya hao 29 ni mmoja tu aliyekuwa na saratani kamili. Sababu iliyotafutwa na kuelezwa baadaye inahusu seli fulani zinazotanda ndani ya vijia vya hewa vya panya wadogo: zina wingi wa kimeng'enya ambacho huigeuza nafthalini kuwa sumu papo hapo ndani ya pafu. Binadamu tunacho kimeng'enya cha jamii hiyo mapafuni, lakini kwa kiasi kidogo sana. Panya wakubwa, ambao ni jamii nyingine ya panya wa maabara, walipojaribiwa kwa namna hiyo hiyo, ripoti ikatoka mwaka 2000, mapafu yao hayakudhurika kwa uvimbe. Uvimbe ulitokea puani. Sijautoa mfano huu ili kuitetea nafthalini, ambayo Umoja wa Ulaya uliiondoa katika vidonge vya nondo mwaka 2008 na ambayo ni hatari ya moja kwa moja kwa watoto wachanga wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali iliyo ya kawaida kwetu Afrika Mashariki, kwa kuwa huvunja chembe zao nyekundu za damu. Nimeutoa ili ionekane kwamba kiungo kinachoota uvimbe kwa mnyama mmoja si lazima kiwe kiungo kile kile kwa mnyama mwingine, sembuse kwa mtu.

Na mambo huenda kinyume pia, jambo ambalo wauzaji wa kemikali hawapendi kulitaja. Moshi wa sigara, ambao hakuna anayebisha kwamba ndio chanzo kikuu cha saratani ya mapafu kwa binadamu, uliwasumbua watafiti kwa miaka mingi kwa sababu panya waliovutishwa hawakupata uvimbe kwa urahisi. Ilibidi kufika miaka ya 1990 ndipo Witschi na wenzake, katika Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis, walipopata njia ya kuaminika: panya wa ukoo A walivutishwa moshi kwa miezi 5, kisha wakaachwa wavute hewa safi kwa miezi 4, na ndipo uvimbe ulipojitokeza. Kama tungewasikiliza panya peke yao, tungechelewa mno kuiogopa sigara. Mapafu ya panya mdogo yanaweza kupiga kelele pasipo hatari na yanaweza kunyamaza penye hatari, na ndiyo maana hakuna mtafiti makini anayetoa hukumu kwa kutegemea jaribio moja la aina hiyo.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako la kwanza, dada, ni hili: ushahidi kwamba mankozebu inaleta saratani ya mapafu kwa binadamu ni dhaifu, umetokana na majaribio machache ya zamani juu ya ndugu zake, katika mnyama ambaye mapafu yake huota uvimbe hata bila kuchokozwa. Nisingemwacha mumeo akalala macho usiku kwa sababu ya majaribio hayo. Lakini nisingependa amalize kusoma hapa akaona mambo yamekwisha, kwa kuwa hatari iliyothibitika zaidi ya dawa hii ipo kwingine kabisa, na watu wanaoyazungumzia mapafu huipita bila kuiona.

Hatari hiyo ipo shingoni. Mbele ya koo kuna tezi ya thairoidi, ambayo huchukua madini joto kutoka kwenye chakula na kutengeneza homoni zinazoongoza mwendo wa mwili mzima, mapigo ya moyo, joto, uzito, na zaidi ya yote ukuaji wa ubongo wa mtoto aliye tumboni. ETU huzuia hatua mojawapo ya utengenezaji wa homoni hizo. Tezi ikipungukiwa, ubongo huiamrisha ijitahidi zaidi, na amri hiyo ikiendelea kwa muda mrefu tezi huvimba. Ripoti nyingine ya Marekani ya mwaka huo huo wa 1992 ilionyesha kwamba ETU iliwaletea panya wakubwa uvimbe wa thairoidi, na panya wadogo uvimbe wa thairoidi, wa ini na wa tezi iliyo chini ya ubongo. Mwaka 2002 Taasisi ya Ramazzini ya Bologna, Italia, ilichapisha jaribio la mankozebu yenyewe iliyochanganywa kwenye chakula cha panya wakubwa kwa wiki 104, na uvimbe mbaya wa aina kadhaa, ukiwemo wa thairoidi, uliongezeka. Watafiti wa Lucknow, India, walikuwa wamekwisha kuonyesha mwaka 1990 kwamba mankozebu ikipakwa kwenye ngozi ya panya wadogo mara kwa mara huotesha uvimbe hapo hapo kwenye ngozi. Ni kweli kwamba shirika la Lyon liliihamishia ETU katika Kundi la 3 mwaka 2001, kwa hoja kwamba njia inayoleta uvimbe wa thairoidi kwa panya haimtishi binadamu kwa uzito ule ule. Hoja hiyo inahusu saratani. Haigusi mtoto aliye tumboni anayetegemea homoni za mama yake katika miezi ya kwanza, na hapo ndipo mimi ninapoweka uzito wangu wote.

Swali lako la pili ni kama muache kuitumia. Najua bakajani ilivyo, najua mvua za Iringa zikifuatana siku tatu bila jua shamba huanza kunuka uozo, kwa hiyo sitakuambia kwa wepesi kwamba utupe dawa. Nitakuambia ni wapi dawa inapowaingia zaidi. Si hasa wakati wa kula nyanya. Inawaingia wakati wa kufungua pakiti. Mankozebu nyingi madukani ni unga wenye asilimia 80 ya dawa, na mtu anapoupima kwa kijiko au kwa kiberiti, kichwa kikiwa juu ya ndoo, wingu jepesi la manjano hupanda moja kwa moja hadi puani. Shughuli ile ya dakika chache ndiyo inayostahili barakoa ya kuchuja vumbi, si kitambaa kilichofungwa usoni, pamoja na glavu za mpira na mgongo uliogeukia upepo unakotoka. Ukorogaji ufanyike nje, mbali na kisima na watoto, kwa kijiti kirefu na si kwa mkono. Bomba likivuja mgongoni lishushwe na kutengenezwa kabla ya kuendelea, maana shati lililolowa dawa mchana kutwa hugusa ngozi kwa muda mrefu kuliko mvuke wowote.

Kisha kuna ufuaji, na hapa naomba mumeo asome pia. Katika wilaya ya Matina nchini Costa Rica, penye mashamba makubwa ya ndizi yanayonyunyiziwa mankozebu kwa ndege, watafiti waliwafuatilia wanawake wajawazito 451 kuanzia mwaka 2010 na kupima ETU katika mkojo wao. Viwango vilikuwa zaidi ya mara 5 ya vile vilivyowahi kuripotiwa kwa watu wa kawaida katika nchi nyingine. Waliokuwa wakiishi karibu na mashamba walikuwa na viwango vya juu kuliko waliokaa mbali, jambo ambalo mtu angelitarajia. Lakini pia waliokuwa wamefua nguo za kazi za shambani walionekana kuwa na viwango vya juu zaidi. Wanawake wengi wa vijijini kwetu hawashiki bomba hata siku moja, ila wao ndio wanaokamua yale mashati. Nguo za kupigia dawa zifuliwe peke yake, kwa glavu, katika beseni ambalo halitumiki kwa nguo za watoto, na ni vyema zaidi azifue yule aliyezivaa. Mwenye mimba, au anayetarajia kuipata, asikoroge, asipige, asifue.

Kuhusu kupunguza dawa yenyewe, mankozebu ni dawa ya kinga. Hukaa juu ya jani na kuzuia vijimbegu vya ukungu visiote. Haiponyi jani ambalo ukungu umekwisha kuingia. Mkulima anayezidisha dozi baada ya madoa kutokea anapoteza fedha na kujiongezea sumu bila faida. Kusimika nyanya kwa miti ili majani yasilale ardhini, kuacha nafasi ya upepo kupita, kumwagilia asubuhi kwenye shina badala ya jioni juu ya majani, kung'oa na kufukia machipukizi ya viazi na nyanya za msimu uliopita, na kuchagua mbegu inayostahimili bakajani, hayo yote hupunguza idadi ya mara mnazolazimika kubeba bomba. Afisa ugani wa kata anaweza kuwasaidia kuchagua mbegu inayofaa eneo lenu.

SWALI: Mhariri, assalamu alaikum. Mimi ni mkaazi wa Mombasa, nina mimba ya miezi mitano. Nyanya ninazonunua soko la Kongowea mara nyingi huwa na unga mweupe au wa manjano karibu na kikonyo. Jirani yangu husema nisihofu, moto wa jikoni unaua kila dawa. Ni kweli?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Wa alaikum salaam, dada yangu, na Mungu akujalie ujifungue salama. Jirani yako anakutakia mema, lakini katika jambo hili amekosea, na kosa lake ni la muhimu. Moto huivunja mankozebu kweli, ila sehemu ya kinachobaki baada ya kuvunjika ni ile ETU niliyomweleza mkulima wa Ilula, yaani kitu chenye madhara zaidi kwa thairoidi kuliko dawa yenyewe. Kwa hiyo dawa iondolewe kabla nyanya haijaingia sufuriani.

Habari njema ni kwamba mankozebu haipenyi sana ndani ya tunda. Hukaa juu ya ganda. Osha nyanya kwa maji yanayotiririka huku ukizisugua kwa kiganja moja baada ya nyingine, na usisahau lile shimo la kikonyo, maana ndipo unga unapojikusanya. Kuziloweka tu kwenye beseni na kuzitoa hakutoshi. Ukiweza kuzimenya, menya, hasa zile za kuchemsha kwa muda mrefu kwa ajili ya mchuzi mzito. Unga unaouona huenda ukawa ni mbolea ya majani au vumbi tu, lakini huwezi kutofautisha kwa macho, na kuosha ni kule kule.

Usiache kula nyanya wala mboga. Wataalamu wa pamoja wa Shirika la Chakula na Kilimo na Shirika la Afya Duniani waliweka mwaka 1993 kiwango cha mankozebu na jamaa zake ambacho mtu anaweza kukila kila siku maisha yake yote bila kutarajiwa kudhurika, nacho ni miligramu 0.03 kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Kwa mwanamke wa kilo 60 ni miligramu 1.8 kwa siku. Viwango vya namna hiyo huwekwa chini sana ya dozi ambayo haikuwadhuru wanyama, kwa kawaida mara mia moja chini yake. Mlaji anayeosha nyanya zake ana nafasi nzuri ya kubaki chini ya hapo. Tumia pia chumvi yenye madini joto, uifunike vizuri na kuitia chakula kikikaribia kuiva, kwa kuwa tezi yenye madini joto ya kutosha hustahimili zaidi vitu vinavyoisumbua. Ukiona uvimbe shingoni, uchovu usio wa kawaida au baridi ya mwili isiyoelezeka, mweleze mkunga wako kliniki ili upimwe damu.

SWALI: Nina duka la pembejeo Arusha. Wateja wameanza kuniuliza kwa nini Ulaya wameizuia mankozebu wakati mimi bado ninaiuza, na wengine wanasema ni kwa sababu ya saratani ya mapafu. Niwajibu nini?
Muuza pembejeo, Arusha

JIBU: Ndugu, wajibu kwa ukweli, kwani muuza pembejeo ndiye mwalimu wa kwanza na mara nyingine wa pekee ambaye mkulima humwona kabla ya kupiga dawa. Umoja wa Ulaya ulikataa kuihuisha idhini ya mankozebu mwezi Desemba 2020. Mapafu hayakuwa sababu. Sababu zilizotajwa ni kwamba imewekwa katika daraja la vitu vinavyodhaniwa kwa nguvu kudhuru uzazi wa binadamu, kwamba huvuruga homoni, na kwamba makadirio ya kiasi kinachowafikia watu wanaoipiga au wanaokuwa karibu na shamba yalizidi kiwango kinachokubalika, hata katika mazao kama nyanya na viazi. Mteja akikuuliza juu ya panya na mapafu, mwambie hilo ni jambo la zamani na lenye ushahidi mdogo. Akikuuliza juu ya mimba, usimpunguzie uzito.

Kuhusu wewe kuendelea kuiuza, fuata orodha ya viuatilifu vilivyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, na uikague mara kwa mara, kwa sababu usajili unaweza kubadilika. Mimi binafsi naona mamlaka za nchi zetu zina wajibu wa kuipima upya dawa hii kwa kuangalia hali halisi ya mkulima wetu, ambaye hupiga dawa kwa bomba la mgongoni, mara nyingi bila glavu, na si kwa trekta lenye chumba kilichofungwa. Ikiwa makadirio ya Ulaya, yanayomfikiria mkulima mwenye vifaa, yalivuka mpaka, hesabu ya kwetu haiwezi kuwa nyepesi zaidi.

Kuna mambo yaliyo mikononi mwako leo. Usipime dawa kutoka mfuko mkubwa na kuiuza kwenye vifuko visivyo na lebo, hata mteja akibembeleza kwamba hana fedha za pakiti nzima, maana anayeondoka bila lebo ameondoka bila kujua dozi, bila kujua siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na bila cha kumwonyesha daktari akidhurika. Usiuze dawa iliyopitwa na wakati au iliyokaa kwenye stoo yenye joto na unyevu, kwa kuwa ETU huongezeka humo. Na usiwashauri wakulima kuchanganya dawa kwa kubahatisha. Utafiti wa Vera Ngowi na wenzake juu ya wakulima wa mboga wa kaskazini mwa Tanzania, uliochapishwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba karibu theluthi moja walikuwa wakichanganya viuatilifu katika bomba moja bila maelekezo yoyote ya lebo wala ya wagani, na asilimia 68 walisema wamewahi kujisikia vibaya baada ya kupiga dawa kwa kawaida tu. Wengi wao walinunua dawa hizo katika maduka kama lako.

Weka barakoa za kuchuja vumbi na glavu kwenye rafu ile ile ya mankozebu, kwa bei ambayo mkulima anaweza kuimudu, na uzitaje kabla hajalipa. Akija mwanamke kununua, muulize kwa adabu ni nani atakayekoroga na nani atakayefua.